Pafu Haiuzwi Gikomba

Leo tuongee aibu ya fildi ya mtaa kila Sunday. Boy anatokea na njumu za mathao, soksi ametoboa nyuma ndio akae pro, ndani ameseti ile vest ya GPS yenye sote tunajua inakaa bra. Dakika ya ishirini? Mikono kwa magoti, kichomi, anaitisha maji kama refa ni weita. Na bra inarekodi yote, manze. Hata vile amesimama.

Wazae nao wana dawa moja tu: raundi. "Zungukeni fildi mara kumi na tano!" Maji? Ati ni ya wazembe. Alafu wanakushow vile enzi zao walicheza pekupeku, tumbo ikiwa na muhogo pekee. Sawa mbuyu, na mbona leo ngazi za ploti zinakulemea?

Noma ya raundi ni hii: ukijogi pole, unaiva kwa kujogi pole. Mechi si hivyo. Mechi ni sprint, breki, tembea, sprint tena.

Sasa cheki majuu, research ya Norway ya 2001. Majunior wa boli walipigishwa 4x4: dakika nne mbio za kuchoma, roho ikigonga asilimia 90 hadi 95 ya mwisho wake, alafu dakika tatu za kujogi. Mara nne. Siku mbili kwa wiki, wiki nane. Kwa mechi, umbali walikimbia ukapanda asilimia 20. Sprint zikadabo. Kitu haikusonga ni shuti na pasi, kwa hivyo wewe wa kutuma krosi hadi kibanda ya mama mboga, pole sana.

Na hii haitaki ganji. Hata mulika mwizi iko na stopwatch. Warm up kwanza. Kwa zile dakika nne ukiweza kupiga story, unajidanganya. Ukizima dakika ya pili, ulitoka na mbio za mwizi. Siku ya kuamkia mechi, pumzika. Chapo madondo iwache ya baadaye. Na ile energy drink? Hiyo ni kafeini, sukari na mkebe mzuri. Dunga ndizi mbili na maji, songa.

Mwisho wa mwaka ile tournament ya mtaa, Koth Biro, inarudi Ziwani, na mafans wa pale hawabembelezi mtu. Hesabu wiki nane nyuma, uanze.