Viwavi wa Mchungwa na Maadui Wao

Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, hutaga mayai yake moja moja juu ya majani machanga ya mchungwa, mlimau au mndimu. Viwavi wake hula majani hayo, na mche mdogo waweza kubaki fito tupu. Hata hivyo, ni viwavi wachache tu wafikao kuwa vipepeo, kwa kuwa wadudu wengine huwawinda.

Mwindaji mkali kuliko wote ni sisimizi wa mtini aitwaye maji moto. Kiota chake ni majani yaliyoshonwa kwa nyuzi za hariri zitolewazo na mabuu wa sisimizi hao, ambao watenda kazi huwashika mdomoni kama fundi ashikavyo sindano. Akimkuta kiwavi mchanga, wenzake huja, humng'ang'ania kila upande na kumvuta mpaka aishiwe nguvu, kisha humchukua kiotani.

Kiwavi angali mdogo hufanana na kinyesi cha ndege. Umbo hilo huyadanganya macho ya ndege, lakini halimfai kitu mbele ya sisimizi, ambao hutegemea zaidi kunusa na kugusa. Dhidi yao anayo silaha nyingine: akiguswa, huchomoza nyuma ya kichwa kiungo laini chenye pembe mbili, rangi ya chungwa, kinachotoa harufu kali. Kwa kiwavi aliyekomaa harufu hiyo hutokana hasa na asidi, mojawapo ikiwa asidi ya isobutiriki. Mwanafunzi aweza kuliona jambo hili kwa kumgusa kiwavi mkubwa kwa unyasi.

Nyigu humtafuna kiwavi akawa donge, wakalipeleka kulisha mabuu wao. Vunjajungu yeye hungoja tu.

Mkulima anyunyizapo sumu, huwaua pia wawindaji hawa, nao kwa kawaida huzaliana polepole kuliko mawindo yao. Viwavi wa kizazi kifuatacho hukuta mti usio na mlinzi. Si kwamba maji moto hana hasara: huwalinda wadudu wadogo wanyonyao utomvu ili apate majimaji matamu wayatoayo, na huwauma vibaya wachumaji. Kwa miche michache ya bustani ya shule, kuokota viwavi kwa mkono kwatosha.