Gari la zamani linavuja oili? Usikimbilie kukaza bolti

Umerithi Morris Minor ya babu. Inawaka, inatembea, ila kila asubuhi unakuta matone meusi chini. Fundi anachukua spana, anakaza bolti ya bomba la oili. Kesho yake matone yamezidi. Shida iko wapi?

Morris Minor zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na ndizo gari za kwanza za Kiingereza kuuzwa zaidi ya milioni moja. Kwenye nyingi kati ya hizo, oili hutoka kwenye bloku, hupita kwenye bomba dogo la nje, ndipo huingia kwenye filta. Maungio ya bomba hilo ndiyo huanza kuvuja.

Kwa nini ni hatari?

Oili humo husukumwa na pampu kwa presha. Ungio likiachia ukiwa barabarani, oili humwagika haraka, beringi za kranki shafti hukauka na injini inanoki. Yaani wosha ya bei ya kikombe cha chai inaua injini nzima. Na oili ikidondokea ekzosi yenye joto kali, gari linaweza kushika moto.

Ungio linafanyaje kazi?

Bolti yake ina tundu katikati, oili hupita humo. Huitwa bolti ya banjo, kwa sababu pete ya bomba inafanana na ala hiyo ya muziki. Pete hukaa katikati ya wosha mbili za shaba. Shaba ni laini, hivyo hujaza mikwaruzo midogo na kuziba. Lakini ikishabanwa inakuwa ngumu, na ukiirudisha hivyo hivyo haizibi vizuri. Ukilazimisha kukaza, bolti yenye tundu inaweza kukatika.

Ufanye nini?

1. Acha injini ipoe, fungua bolti, safisha pete na sehemu inapokaa.

2. Weka wosha mpya. Huna? Ichome ya zamani kwa gesi hadi iwe nyekundu iliyofifia, itumbukize kwenye maji, kisha isugue ule weusi. Shaba italainika tena.

3. Usizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kipande kikikatika kinaweza kuziba njia ya oili.

4. Washa injini, kagua. Ikipata moto, kagua tena, maana oili ya moto ni nyepesi na huvuja kirahisi zaidi.

Kuwa makini na bolti ya "kufanana"

Magari mengi ya zamani ya Uingereza yana hesi (mafundi wengi husema thredi) za Kiingereza. Saizi ya 1/8 BSP ina upana wa milimita 9.7 hivi, na bolti ya kisasa ya M10 ina 10. Kwa macho huoni tofauti. Itaingia mizunguko michache, itakuwa ngumu, na ukilazimisha inakula hesi za bloku. Hapo gharama si ya bolti tena. Bolti nzuri huanza kuingia kwa vidole tu. Ikigoma, si yake.

Na taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa njiani, usiseme "ngoja nifike kwanza". Egesha pembeni, zima injini hapo hapo.