Hesabu ya tajiri, saa za abiria

Tangu Desemba 2023, abiria wa daladala jijini Dar es Salaam anayesafiri umbali usiozidi kilomita 10 hulipa shilingi 600. Mwanzoni mwa 2022 alikuwa akilipa 400. Katika muda usiofika miaka miwili, nauli ya safari fupi ilipanda kwa nusu.

Shilingi 600 peke yake haitishi. Lakini wakazi wengi wa pembezoni, Kivule, Buza au Goba, hawafiki kazini kwa gari moja. Tumchukue mtu anayeunganisha magari mawili, kila moja la 600. Kwenda na kurudi ni 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 62,400 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara serikalini, kilichopandishwa Julai 2025 kutoka 370,000, ni 500,000. Mtumishi wa ngazi hiyo anaacha barabarani shilingi 12 na zaidi katika kila 100 anayopata. Msaidizi wa duka anayelipwa 200,000 anaacha 31.

Hiyo ni kwa yule anayekubali kusubiri na kugombania mlango. Mwenye mtoto mgongoni, mwenye goti bovu au aliyechoka kukanyagwa hufanya jambo ambalo kila mkazi wa Dar analijua: anageuza na gari. Analidaka likiwa linaelekea mwisho wa njia, analipa, anakaa, linageuka naye, kisha analipa tena. Akigeuza kila asubuhi, mwezi unamletea 15,600 za ziada, na jumla yake inafika 78,000. Fedha hizo za ziada amenunulia kiti ambacho nauli ya kwanza ilipaswa kumpa.

Tunawalaumu makonda kwa ukorofi, na ukorofi upo. Lakini ukikaa chini na kalamu utaona kwamba gari limepangwa kifedha kwa namna inayomfanya hata konda mstaarabu afanye yale yale. Tangu 1983, serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi baada ya shirika la mabasi la UDA kuzidiwa, utaratibu uliozoeleka ni hesabu. Dereva hukabidhiwa gari asubuhi, na jioni lazima ampelekee tajiri, yaani mwenye gari, kiasi kilichokubaliwa. Mafuta ni juu yake. Kinachobaki anagawana na konda. Kisipobaki kitu, wamefanya kazi bure.

Tupige mahesabu ya Coaster ya siti 28 kwenye njia ya kilomita 10. Nachukua makadirio ya kawaida: hesabu 100,000, dizeli 2,800 kwa lita, na lita 2 kwa safari moja ya kwenda tu kwenye foleni. Siti zote zikijaa, gari linaingiza 16,800. Ondoa mafuta 5,600, zinabaki 11,200. Ili kufikisha 100,000 ya tajiri, zinahitajika safari 9 zilizojaa. Kila safari ikichukua saa moja, gari lililotoka saa 11 alfajiri linamaliza hesabu saa 8 mchana. Hadi hapo dereva na konda hawajapata hata ya chai, na nimechukulia kwamba kila safari ilijaa, hata ile ya saa 4 asubuhi inayorudi pembezoni na watu watano.

Ndiyo maana wanasimamisha abiria. Watu 12 waliosimama wanaleta 7,200 bila kuongeza gharama ya maana ya mafuta. Safari iliyokuwa na faida ya 11,200 sasa ina 18,400, na hesabu inakamilika ndani ya safari 6 badala ya 9. Wale 12 wanaoning'inia kwenye bomba ndio mshahara wa wafanyakazi wawili.

Jioni mambo yanageuka. Watu wote wanatoka mjini, hakuna anayeingia, kwa hiyo gari linakwenda limejaa na kurudi tupu. Dereva akikatisha ruti katikati, anaokoa kilomita 5 za kwenda na 5 za kurudi, yaani lita 2 za dizeli na karibu saa nzima, huku nauli ameshaikusanya. Abiria anashushwa gizani atafute gari jingine na kutoa 600 nyingine. Trafiki wakimkamata dereva huyo, faini inaongezwa kwenye deni la siku, na deni hilo linalipwa kwa mwendo wa hatari kwenye safari inayofuata.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi popote, nayo ndiyo inayoniuma zaidi: muda. Gari haliondoki kituoni hadi lijae. Mchana, abiria mmoja akiingia kila dakika, siti 28 zinajaa kwa dakika 27 tangu wa kwanza aingie. Wa kwanza amesubiri dakika zote 27, wa mwisho hakusubiri. Ukijumlisha kusubiri kwa wote unapata saa 6 na dakika 18 kwa gari moja kuondoka mara moja. Ukipima kwa kima cha chini cha serikali, kwa saa 8 za kazi kwa siku, saa moja ni kama 2,400. Kwa hiyo abiria wa gari hilo wametoa muda wenye thamani ya 15,000 na ushee, karibu sawa na 16,800 waliyolipa kama nauli. Wamelipa mara mbili, na malipo ya pili hayakumfikia mtu yeyote.

Anayeumia kuliko wote ni mwanafunzi. Nauli yake ni 200, ileile iliyokuwapo wakati mtu mzima akilipa 400. Wakati ule alikuwa akilipa nusu, leo analipa theluthi. Kwa mzazi huo ni unafuu mkubwa, na sitaki uondolewe. Lakini hakuna anayemfidia dereva ile tofauti ya 400. Wanafunzi 10 wakikalia siti, safari inapoteza 4,000 katika faida ya 11,200, zaidi ya theluthi. Kwa hiyo mtoto aliyevaa sare anasukumwa mlangoni saa 12 asubuhi, anafika shuleni kipindi cha kwanza kimekwisha, na kuadhibiwa kwa kuchelewa. Tumeamua kama taifa kwamba mtoto asafiri kwa bei nafuu, kisha bili tukampa konda.

Mradi wa mabasi ya mwendokasi haukuwa na hesabu ya jioni wala mpiga debe, na ulipoanza Mei 2016 ulipita foleni ya barabara ya Morogoro watu wakashangaa. Kilichokosekana ni magari. Awamu ya kwanza ilipangiwa mabasi 305, ikaanza na 140, chini ya nusu. Foleni ya magari ikahamia kwa binadamu, kwenye vituo vya Kimara na Gerezani. Njia nzuri isiyo na mabasi ya kutosha inampotezea abiria muda uleule.

Daladala hazitaondoka kesho, basi tuulize mshahara badala ya hesabu ungegharimu kiasi gani. Dereva akilipwa 500,000 na konda 400,000, jumla ni 900,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 hiyo ni kama 34,600 kwa siku, sawa na nauli za abiria 58, yaani magari mawili yaliyojaa na watu wawili zaidi. Tajiri atasema hawezi kuibeba peke yake, na kwa njia zenye watu wachache mchana atakuwa anasema kweli. Hapo ndipo serikali ingeweza kuingia kupitia mwanafunzi: gari likibeba wanafunzi 60 kwa siku, kulifidia 400 kwa kila mmoja ni 24,000. Fidia hiyo ingebeba zaidi ya theluthi mbili ya mishahara ya siku. Masharti ya kuipata yangekuwa mawili tu: gari liondoke kwa saa iliyopangwa hata kama halijajaa, na lifike mwisho wa njia.