Meli Zitumiazo Gesi Asilia

Mwaka 2000 kivuko Glutra kilianza kuvusha magari nchini Norway, kikiendeshwa kwa gesi asilia badala ya dizeli. Gesi hiyo hupozwa hadi nyuzi 162 za Sentigredi chini ya sifuri. Hapo huwa kimiminika, na ujazo wake hupungua mara 600 hivi, ikapata kuenea tangini. Iunguapo, salfa na masizi hutoweka karibu kabisa, nayo hewa ya ukaa hupungua kwa takriban robo.

Hata hivyo methani, iliyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, haiungui yote. Nyingine hujibana katika mianya ya silinda, pasipofika mwali, kisha hutoka pamoja na moshi. Jicho haliioni; lakini kwa kipindi cha miaka 20 hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Injini zinazopuliza gesi silindani kwa kanieneo kubwa, mwako ukianza, hupoteza methani kidogo kuliko zile zinazoichanganya na hewa mapema.