Mizigo ya Neno "Sauti": Istilahi za Upimaji wa Sauti kwa Kompyuta

Neno sauti katika Kiswahili hubeba mizigo mingi. Hutaja kila kisikikacho, hutaja koo la mwimbaji, tena hutaja nguvu ya kile kinachosikika. Katika mazungumzo ya kawaida mizigo hiyo haimlemei mtu, kwani muktadha humweleza msikilizaji maana iliyokusudiwa. Lakini fundi aliyeketi mbele ya kompyuta yenye programu ya kupimia sauti hana msaada huo. Akiambiwa "punguza sauti", anayo mahali patatu pa kupunguzia, na aghalabu ni mahali pamoja tu panapoondoa hitilafu. Makala hii inakusudia kuonyesha namna upungufu wa istilahi unavyozaa makosa ya kazi, na kupendekeza maneno machache ya kuyaepusha.

Tutwae mfano wa Sanje, katika bonde la Kilombero, baina ya Kidatu na Ifakara. Juu ya kijiji hicho yamo maporomoko ya maji yenye kimo cha mita 170 hivi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Msitu wake ni mzito, na mnyama husikika kabla hajaonekana. Kima aitwaye mangabei wa Sanje hakuwa amejulikana kwa wanasayansi hadi mwaka 1979, na mlio wake usio wa kawaida ndio uliowashtua watafiti. Basi mtu anayetaka kunasa milio ya msitu kama huo na kuilinganisha hana budi kujua hasa anapima nini.

Mahali patatu

Sauti hupita hatua tatu. Kwanza huingia katika maikrofoni, na hapo umeme wake dhaifu hukuzwa. Kiasi cha kukuza huko twapendekeza kiitwe mkuzo, kwa mfano wa mchezo kutokana na cheza na mkato kutokana na kata. Pili, hubadilishwa kuwa tarakimu na kuhifadhiwa; nguvu yake katika hatua hiyo iitwe kiwango. Tatu, hutoka katika spika na kulifikia sikio. Hapo panafaa ukubwa wa sauti. Chombo cha kupimia kiitwe kipimasauti, kwa kufuata kipimajoto. Jina kipaza sauti lisitumiwe katika maelezo ya kiufundi, maana wengine hulitumia kwa maikrofoni na wengine kwa spika.

Sifuri mbili

Kiwango hupimwa kwa desibeli, neno lililotoholewa ambalo asili yake ni jina la Alexander Graham Bell. Hapa msomaji ahadhari. Katika vipimasauti vya mshale vilivyoanza kutumika Marekani mwaka 1939, sifuri ilikuwa alama ya kawaida ya kufanyia kazi, na juu yake palibaki nafasi ya akiba. Katika kompyuta sifuri ndiyo mwisho, hakuna tarakimu iliyo juu yake, na vipimo vyote huandikwa kwa alama ya kutoa. Fundi aliyezoea mshale akiipeleka sauti hadi sifuri ya kompyuta, ataiharibu. Twapendekeza kutofautisha sifuri ya mshale na sifuri ya dari. Kinyume cha dari ni sakafu, yaani kelele ya vyombo vyenyewe inayobaki hata pakiwa kimya. Nukta ya juu kabisa ambayo sauti huifikia ni kilele.

Kuandaa kipimasauti

Kwanza, fundi achague katika programu chombo kile kile alichokiunganisha, kwani mara nyingi kompyuta huchagua maikrofoni yake ya ndani. Pili, ahakikishe kwamba programu na chombo vinatumia idadi moja ya sampuli kwa sekunde, ama 44,100 ama 48,000. Tatu, azime marekebisho yote yanayofanywa na kompyuta yenyewe. Nne, apange mkuzo ili vilele vya sauti kubwa vifikie takriban desibeli 12 chini ya dari, pawepo akiba kwa mlio wa ghafla.

Hata hivyo, kipimasauti kilichoandaliwa hivyo hueleza umbali kutoka darini tu. Hakielezi ukubwa wa sauti msituni. Ili kuupata, huwekwa mbele ya maikrofoni kifaa kitoacho mlio wa hezi 1,000 wenye desibeli 94, nao usomaji wake ukaandikwa. Kazi hiyo ni ulinganishaji wa kipimo. Baada yake mkuzo usiguswe tena. Ukiguswa, ulinganishaji umebatilika.

Hitilafu na majina yake

Mshale usipotikisika kabisa, fundi aangalie waya, kisha chombo kilichochaguliwa, kisha kama kompyuta imeiruhusu programu kuitumia maikrofoni. Baadhi ya maikrofoni huhitaji pia umeme wa volti 48 kutoka katika chombo cha kuzipokea.

Sauti ikikwaruza, kilele kimekatwa. Neno mkwaruzo tayari limo vinywani mwa watu, na yafaa lipokewe. Hapa ndipo amri ya "punguza sauti" hupotosha. Fundi akipunguza ukubwa wa sauti, mkwaruzo hubaki ila husikika kwa mbali. Akipunguza kiwango ndani ya programu, mshale hushuka chini ya dari, naye akadhani amepona. Kumbe kilele kilikwisha katwa mlangoni, na hakirudi. Dawa ni kupunguza mkuzo na kunasa upya. Amri sahihi ni "punguza mkuzo", nayo haina maana mbili.

Sakafu ikipanda na pakasikika mkoromo mzito wa hezi 50, huo ni umeme wa njia kuu. Fundi achomoe chaja ya kompyuta atumie betri. Mkoromo ukikoma, chanzo kimejulikana. Rekodi ikisikika kwa kasi isiyo yake, idadi za sampuli hazikulingana.

Hitilafu ya mwisho hudanganya kuliko zote. Mtu asimame karibu na maporomoko ya Sanje, kisha arudi nyuma hatua mia, na kipimasauti kisome vile vile. Maji hayakuongeza nguvu. Kompyuta imepandisha mkuzo kwa siri. Hali hiyo iitwe mkuzo wa kujiendesha, na dawa yake ni kuuzima.

Hitimisho

Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, wakuza istilahi wamependelea maneno yaliyomo katika lugha kabla ya kutohoa ya kigeni. Mkuzo, kiwango, dari, sakafu, kilele, mkwaruzo na mkoromo ni maneno ambayo mtumiaji wa Kiswahili huyafahamu au huyakisia bila kufundishwa. Ni desibeli, hezi na sampuli tu zilizobidi kukopwa. Mafundi ndio watakaoyapima, kwa kuwa rekodi iliyoharibiwa na neno lenye maana mbili hairekebishiki, na mlio uliopita msituni hauagizwi urudi.