Runinga katika Ukuta wa Matumbawe

Picha ilitufikia kwa simu siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani. Binti wa ami yetu aishiye London alitupigia picha ya sebule yake. Ukutani pana meko ya kuotea moto wakati wa baridi, na juu ya meko imetundikwa runinga pana, nyeusi, isiyo na waya hata mmoja unaoonekana, mithili ya kitu kilichoota ukutani. Vijana wa nyumbani walipoiona walisema kwa sauti moja, "Nasi twataka iwe hivi." Meko ya kuotea hatuna, wala Mombasa hatujapata kuyahitaji. Lakini tunao ukuta wa zidaka, nao wakaona kuwa penye zidaka ndipo penye hadhi ile ya meko ya wenzetu. Basi runinga na ipandishwe juu yake.

Runinga yenyewe ilikuwa imekwisha kufika. Ni zawadi ya ndugu yetu afanyaye kazi Uarabuni, inchi 55, ingali katika sanduku lake nyuma ya mlango. Hatukuwa na sababu ya kungoja.

Nyumba yetu iko Kibokoni, mwendo mfupi kutoka Ngomeni. Ni katika zile za Mji wa Kale ambazo bado zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko darini, na safu moja ya zidaka katika ukuta mrefu wa chumba cha ndani. Katika zidaka hizo bibi yetu huweka msahafu, chetezo, na vikombe vya kahawa alivyovipata siku ya arusi yake. Ukuta huo ni wa shirika: upande wa pili anaishi jirani yetu, mama mtu mzima, ambaye amepakana nasi tangu kabla hatujazaliwa.

Fundi aliyeitwa alikuwa mzoefu, lakini uzoefu wake ulikuwa wa kuta za matofali ya saruji kule Nyali na Bamburi. Alipima, akatia alama mbili juu ya zidaka, akawasha mashine ya kutobolea ikiwa katika mpigo wa nyundo. Tundu la kwanza lilikubali. La pili lilimwaga unga mweupe kama pojo iliyosagwa, na mashine ikazama hadi shinoni. Akasogea kidogo. Hapo likabanduka bamba la lipu la ukubwa wa sinia ya biriani, likaanguka pamoja na ukingo wa kidaka cha katikati. Kabla vumbi halijatua tulisikia ukuta ukigongwa kutoka upande wa pili, na sauti ya jirani: "Jamani, mwatoboa ukuta ama mwaubomoa? Chokaa yaanguka chunguni mwangu!"

Bibi hakusema neno. Aliinuka, akauchukua msahafu, akaufuta vumbi kwa upindo wa leso, akaenda nao chumbani kwake. Nyamaza yake ile ilituuma kuliko maneno.

Tumeona kuwa jambo hili si letu peke yetu. Katika mitaa hii runinga zinapanda ukutani kila mwezi, na kila mwezi kuta zinachimbwa mifereji ya kufichia nyaya. Ndiyo maana tumeona vyema kuwaeleza akina mama na dada wasomao ukurasa huu yale tuliyojifunza kwa hasara.

La kwanza ni ukuta wenyewe. Ukuta wa zamani wa Mji wa Kale haukujengwa kwa matofali yaliyopangwa sawasawa. Ni mawe ya matumbawe, makubwa kwa madogo, yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, unene wa kiasi cha nusu mita, kisha ukapakwa lipu ya chokaa. Keekee inaweza kukutana na jiwe gumu, na sentimita mbili pembeni ikakutana na chokaa laini. Parafujo iliyoshika leo katika chokaa hiyo italegea taratibu kwa uzito, hasa ikiwa runinga imefungwa kwenye mkono wa chuma wa kuvuta na kugeuza; maana mkono ule ukivutwa mbele, uzito huzidi nguvu yake maradufu kwenye parafujo za juu. Kabla ya kutoboa, ugonge ukuta kwa kifundo cha kidole. Palipo na sauti ya utupu, lipu imekwisha kuachana na mawe, na hapafai kutundikwa hata saa. Na ikiwa lazima utoboe, zima mpigo wa nyundo, uanze kwa ncha nyembamba, uende polepole.

La pili ni saruji. Fundi wetu alitaka kuziba pengo kwa saruji, akisema ndiyo yenye nguvu. Tunashukuru kwamba fundi wa chokaa, mzee wa mtaa wa pili, alitukataza mapema. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa kupitia chokaa. Saruji huufunga unyevu ndani pamoja na chumvi yake. Chumvi ikikauka huwa fuwele, nayo fuwele husukuma lipu nje mpaka ipasuke tena, pembeni ya kiraka. Kwa hiyo pengo letu lilizibwa kwa chokaa, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka liliachwa likauke. Ilichukua wiki tatu. Ramadhani iliingia runinga ikiwa bado sandukuni.

Hapa tuseme kidogo juu ya zile kuta za jipsamu zenye taa za rangi, ambazo sasa ndizo fahari ya kila sebule mpya kisiwani. Katika ghorofa za saruji huenda hazina neno. Katika nyumba ya matumbawe, kuufunika ukuta wote kwa jipsamu ni kuuziba pumzi, na baada ya misimu miwili ya mvua utaona ukungu mweusi ukitokeza chini. Tumeziona mbili za namna hiyo, na wenyewe walikuwa wametumia pesa nyingi.

La tatu, ambalo kwa hakika lilipaswa kuwa la kwanza, ni jirani. Hadithi iliyopokewa na Abu Hureira, nayo imo katika Bukhari na Muslim, yamkataza mtu kumzuia jirani yake asichomeke mti katika ukuta wake. Vijana wetu waliikumbuka kwa haraka walipokuwa wakijitetea. Bibi, ambaye wakati huo alikuwa amerudi kuzungumza nasi, aliwajibu kuwa hadithi hiyo ni haki ya jirani aombaye boriti ya kujisitiri. Nao hawakuomba, na walichochomeka si boriti. Tulikwenda kwa jirani na sahani ya vitumbua, tukaomba radhi. Tulikuta upande wake ufa mwembamba wenye urefu wa shubiri moja. Fundi wa chokaa aliushughulikia nao pia, kwa gharama yetu.

Kisha tukarudi kwenye swali ambalo hakuna aliyeliuliza mwanzoni: watazamaji hukaa wapi? Yule binti wa ami alipoulizwa alikiri kuwa shingo humuuma. Meko yao ni marefu, na ukingo wa chini wa runinga uko karibu mita 1.5 kutoka sakafuni. Runinga ya inchi 55 ina kimo cha sentimita 69 hivi, kwa hiyo kitovu chake kiko zaidi ya mita 1.8, sawa na kumtazama mtu mrefu machoni nawe umekaa. Juu ya zidaka zetu ingekuwa vilevile. Nasi hatukai makochini peke yake. Bibi na watoto hukaa kwenye magodoro na mikeka, ambapo jicho liko kiasi cha sentimita 80 kutoka chini. Akaaye kochini jicho lake liko karibu mita moja. Inatakiwa kitovu cha runinga kiwe jirani ya macho, au juu yake kidogo tu. Tulichukua utepe wa fundi cherehani, tukampima bibi akiwa ameketi, na kipimo hicho ndicho kilichoamua.

Masafa nayo yana hesabu yake. Vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, ambao hauzidi sana mita 3. Kwa runinga ya inchi 55 inapendeza mtazamaji awe umbali wa mita 2 au zaidi. Ukiitia katika ukuta mrefu, ukatoa kina cha kochi, unabakiwa na mita moja na ushei, na watoto watasogea hata hapo. Lakini ukuta mfupi, ule wa mwisho wa chumba, hukupa urefu wote wa chumba mbele yako. Ukuta wetu mfupi hauna zidaka wala jirani. Nyuma yake ni ngazi yetu wenyewe. Mwezi mzima tulikuwa tukiutazama tusiuone.

Seremala alitutengenezea ubao mpana wa mvule, upana mita 1.5 na kimo mita 1.4, wenye miguu miwili inayosimama sakafuni. Uzito wote wa runinga umebebwa na sakafu. Ukutani pameingia parafujo mbili tu, juu, za kuuzuia ubao usipinduke. Na hizo zilitiwa penye jiwe, baada ya kugonga na kusikiliza. Jambo la kupinduka tusilipuuze: mtoto akishika ukingo wa runinga iliyosimama mezani bila kufungwa, huja naye chini, na wako watoto waliopoteza maisha kwa njia hiyo katika nchi nyingi. Kati ya ubao na ukuta tumeacha nafasi ya sentimita 5, ukuta upumue, na humo ndimo zilimofichwa nyaya zote. Hakuna mfereji uliochimbwa.

Kuhusu nyaya, fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA alitufahamisha mambo ambayo tuliyaona ya maana. Waya wa runinga wenyewe, ule mlaini wenye plagi, haukutengenezwa kuzikwa ndani ya lipu. Katika ukuta wenye unyevu na chumvi ni hatari. Iwapo wataka usionekane, soketi na isogezwe nyuma ya runinga kwa waya wa kudumu, upite katika mfereji wa plastiki wenye kifuniko, unyooke wima au ulale sawa, usikate kona kwa mshazari. Ili ajaye kesho na keekee ajue waya uko wapi. Waya wa dishi usisokotwe pamoja na waya wa stima. Mfereji huo ukipakwa rangi ya ukuta, mgeni hauoni mpaka aonyeshwe. King'amuzi, ambacho kimekuwa mkazi wa kila nyumba tangu Kenya ihamie matangazo ya dijitali mwaka 2015, tulikiweka kwanza ndani ya kasha la bibi chini ya runinga. Kikachemka kama pasi. Sasa kiko juu ya kasha, nyuma ya kawa, penye hewa.

Waya wa dishi uliingia kwa tundu la zamani katika fremu ya dirisha la uani. Dishi lenyewe liko juu ya paa, upande usioonekana njiani. Mji wa Kale ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na anayetaka kubadilisha jengo hutakiwa kupata idhini kupitia ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ushauri wetu ni kwenda kuwauliza kabla hata fundi hajapanda ngazi. Dishi lililopigiliwa kwenye roshani ya nakshi ni aibu ya mtaa mzima. Tunalisema hili tukijua kwamba baadhi ya wasomaji wetu wanalo.

Hesabu ya mwisho ilikuwa chungu. Chokaa na ujira wa mzee kwa pande mbili za ukuta viligharimu zaidi ya ubao wa mvule, soketi na mfereji vikijumlishwa. Ukingo wa kidaka cha katikati umerudishwa, lakini ukiutazama mchana utaona weupe wake ni mpya, haujapata rangi ya maziwa ya wenzake. Mzee wa chokaa asema itachukua miaka.

Msahafu umerudi kidakani. Runinga iliwashwa kwa mara ya kwanza katika kumi la mwisho, usiku, kwa tarawehe za moja kwa moja kutoka Makka, bibi akiwa amejilaza kwenye godoro lake, shingo imenyooka. Tulipunguza sauti kwa kumwonea haya jirani. Haikupita muda ukuta ukagongwa, mara tatu, taratibu. Tukaangaliana. "Zidisheni kidogo," ikaja sauti ya upande wa pili, "huku hatusikii vizuri."