Mlango wa Moyo na Koo la Mtoto

Moyo wa mwanadamu, wenye ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe, una vyumba vinne na milango minne ambayo wataalamu huiita valvu. Hufunguka na kufunga kwa msukumo wa damu, mara zipatazo 100,000 kwa siku. Katika nchi zetu, unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni mlango wa mitrali, ulio baina ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Una majani mawili membamba yaliyoshikwa kwa nyuzi zilizofungwa kwenye vinundu vya msuli, mfano wa kamba za tanga. Nyuzi hizo huyazuia majani yasipinduke pale chumba cha chini kinapojikaza kupeleka damu mwilini.

Adui mkuu wa mlango huu huanzia mbali: kooni, aghalabu kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15. Bakteria waitwao streptokoki wa kundi A huleta homa na mafindofindo. Chembe nyeupe za damu huwatambua, na baadhi yake hutengeneza kingamwili za kupambana nao. Lakini sehemu fulani za bakteria hao zinafanana na protini za moyo na za maungio. Kwa watoto wachache, wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, kinga hiyo huugeukia mwili uleule iliopaswa kuulinda. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Goti huvimba, kisha maumivu huhamia kifundo cha mguu au kiwiko, na hatimaye hutoweka. Wazazi hushukuru. Maungio hupona bila alama. Moyo haupewi bahati hiyo daima. Kila shambulio jipya huongeza makovu, majani ya mlango hunenepa na kushikana kingo, na tundu lenye eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6 huweza kupungua hadi chini ya 1.5.

Damu isiyopita hurundikana mapafuni. Msichana mwenye mlango wa namna hiyo huenda asijue lolote mpaka aolewe na kushika mimba, ujazo wa damu yake unapoongezeka kwa asilimia 40 hadi 50. Hapo hukosa pumzi akilala chali, hukohoa usiku, na si ajabu akaambiwa ana pumu au upungufu wa damu. Mhudumu akimlaza ubavu wa kushoto na kumsikiliza kifua pasipo haraka, aweza kuusikia mngurumo mzito, wa sauti ya chini. Asipousikia, na dalili zingalipo, ampe rufaa akapimwe kwa eko.

Kinga yenyewe ni ya zamani na ya bei nafuu. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo kuuma, huizuia homa hiyo. Kukata kimeo, desturi ambayo bado ina wateja wake, hakuondoi bakteria hata mmoja. Kwa aliyekwisha kuugua, sindano ya penisilini benzathini hutolewa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Katika utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2021, watoto 818 wenye dalili za awali katika moyo walifuatiliwa kwa miaka miwili. Ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Sindano hiyo inauma, na hili lisifichwe. Dawa ipashwe joto mikononi na isukumwe polepole. Mgonjwa aulizwe kwanza kama penisilini iliwahi kumdhuru. Wengi huacha wanapojiona wazima, au wanaposhika mimba kwa kuhofia mtoto. Penisilini haimdhuru mtoto tumboni; tarehe iliyoandikwa kwenye kadi inabaki ileile.